Matukio Hasi Moja

Kompyuta ilijibu -1. Swali lilikuwa la kawaida tu: ni matukio mangapi kwenye faili hii yana chembe mbili za muoni? Mwalimu wa fizikia aliyeuliza, akiwa amejibanza nyuma ya duka la shemeji yake sokoni Kamukuywa, alisogeza kikombe cha chai kando akalisoma jibu upya. Shemeji akachungulia.

“Kwa hivyo Mwalimu, unadaiwa tukio moja?”

Hakudaiwa. Alikuwa ameandika nMuons, na faili inaijua nMuon. ROOT, programu iliyoanzishwa CERN mwaka 1995 na René Brun na Fons Rademakers, haikisii. Ikipewa sharti isiloelewa, hurudisha -1, na malalamiko yake huyaandika mstari wa juu, pale ambapo mtu mwenye haraka hapasomi.

Faili yenyewe ilifika Kamukuywa kwa jasho. Ni ya mwaka 2012, kutoka kigunduzi cha CMS, kilichozikwa kama mita 100 chini ya ardhi upande wa Ufaransa, si mbali na Geneva. Huko mafungu ya protoni hupishana mara milioni 40 hivi kwa sekunde, na karibu yote yanayotokea hutupwa papo hapo. Sehemu ya yale yaliyohifadhiwa, CMS ilianza kuifungulia umma mwaka 2014. Mwenye bando achukue. Faili hii moja ina matukio zaidi ya milioni 61, gigabaiti mbili na ushei, na Mwalimu aliipakua usiku, watoto wa shemeji walipoacha kutazama video.

Herufi s ilipofutwa, balaa ikahamia kwingine. Mwanafunzi wake wa kidato cha nne, kijana wa macho makali, alitaka muoni zenye msukumo wa kando unaozidi GeV 20. Akatumia amri ya Draw, Mwalimu akatumia GetEntries, sharti lile lile. Namba zikatofautiana, na ya kijana ikawa kubwa.

“Mwalimu, yako imepungua.”

“Yako imezidi!”

Wakabishana hadi makanga wa Kitale na Webuye wakanyamaza barabarani. Ikabidi wafungue tukio moja walitazame. Lilikuwa na muoni tatu: ya GeV 35, ya 28 na ya 9. GetEntries hutazama kama kuna hata moja iliyopita, ikahesabu tukio moja. Draw huhesabu kila iliyopita, ikasema mbili. Wote wawili walikuwa sahihi, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote.

Jioni nyingine Mwalimu alihamia RDataFrame, njia mpya zaidi ndani ya ROOT hiyo hiyo. Akaandika masharti: muoni mbili kamili, chaji zinazopingana. Akabonyeza. Kufumba na kufumbua, imekwisha! Akamwita shemeji aje aone matukio milioni 61 yakichujwa kabla sukari haijayeyuka kwenye chai.

Hakuna kilichokuwa kimechujwa. Amri ya Filter huandikisha nia tu, na hata ile ya Count hungoja. Ni sawa na kupanga vijana na nyungo zao uani ilhali mahindi bado yako shambani; kazi huanza pale mtu anapodai namba yenyewe. Basi Mwalimu, kwa hasira, akaidai baada ya kila sharti. Kila alipodai, kompyuta ilianza faili upya toka tukio la kwanza, feni ikivuma kama yenye kesi, mpaka stima ikapotea na kompyuta, ambayo betri yake ilikuwa pambo tu, ikazimika. Angeandikisha hesabu zote kwanza, kisha akadai moja, zote zingepatikana kwa mzunguko mmoja.

(Kijana naye, akiandika kitanzi chake cha C++, aliweka alama moja ya = badala ya mbili. Hilo si swali, ni amri: akaipa chaji ya kila muoni thamani ya 1, na matukio yote yakapita bila kizuizi. Kwa dakika chache alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kamukuywa.)

Hatimaye ripoti ya mchujo ikatoka sawasawa. Kutoka milioni 61 zikabaki takriban milioni 31 zenye muoni mbili. Zenye chaji zinazopingana, kama milioni 24. Shemeji akauliza nani kazifukuza milioni 30, na kama zilipewa notisi. Mwalimu hakumsikia. Alikuwa ameinamia histogramu ya masi ya kila jozi ya muoni, akionyesha kilima cha chembe ya Z karibu na GeV 91, na kule kushoto, kwenye 3.1, kile chembamba cha J/psi.

Kijana hakutazama vilima. Alikuwa amelinganisha GetEntries ya histogramu na Integral yake.

“Mwalimu, hizi mbili hazilingani.”

Mwalimu alivuta pumzi, akamtuma akasome masanduku mawili ya pembeni, moja kabla ya mwanzo wa mchoro na moja baada ya mwisho wake: yaliyoangukia humo GetEntries huyahesabu, Integral huyaruka. Kijana akayasoma, akajumlisha kwenye kitabu cha madeni ya duka, na ikatimia.