Kosa ni la simu yako, mama

Wasisumbuliwe mafundi wa programu wanaopima kurasa zao kwenye simuleta tu, yaani simu ya kuigizwa ndani ya kompyuta. Simuleta ya iPhone ina adabu zake. Programu ikiiuliza “wewe ni simu ya aina gani?”, haijibu iPhone10,3, yaani iPhone X ya 2017, bali hutaja aina ya prosesa ya kompyuta iliyoibeba, x86_64 au arm64. Ni mwigizaji wa mfalme anayeulizwa jina akataja la mwenye ukumbi. Jina la simu inayoigizwa limewekwa pembeni, kwa anayejua pa kuuliza.

Basi mama wa Buluo, kule Likasi nchini Kongo, mwenye simu ya Tecno iliyopasuka kioo, asinung’unike kwamba kitufe cha “Tuma” kimezama chini ya skrini. Kwenye simuleta kinaonekana vizuri sana. Labda kidole chake ni kinene, au ni jua la Katanga. Kobalti ya kwao imekwisha kuingia kwenye betri za dunia. Kudai na kitufe juu yake ni tamaa. Na umeme ukikatika, aige simuleta: ikiulizwa chaji imebaki kiasi gani hujibu −1, na kazi inaendelea.