Namna ya Kumdhamini Mumeo Australia Baada ya Kudhaminiwa na Mwanao

Mwongozo huu ni wa mama aliyekwenda Melbourne kulea mjukuu, watoto wakamwombea viza ya mzazi, viza ikatoka, na sasa ana kadi ya matibabu, koti la baridi na marafiki wa kanisani, ila mume yuko Kakamega. Au Tanga. Au Bujumbura. Kama aliyekwenda ni baba na aliyebaki ni mama, soma vivyo hivyo, geuza tu majina. Sheria haijali nani aliachiwa ng'ombe.

Anza na kalamu. Andika tarehe mbili: siku mliyooana, na siku viza yako ya mzazi ilipotolewa. Usitafute picha, usimpigie wakala, usimwambie mzee auze mbuzi, mpaka tarehe hizo mbili ziwe mbele ya macho yako. Kama viza uliyopewa ni ile ya mzazi ya mchango, ambayo wenye kazi huiita kwa namba, 143 au 864, na ilitolewa tarehe 1 Julai 2009 au baada yake, basi kanuni za uhamiaji za Australia zinakubana. Mtu aliyekuwa mumeo siku hiyo au kabla ya siku hiyo, au mliyekuwa mkiishi pamoja kama mke na mume, huwezi kumdhamini kwa viza ya mwenzi mpaka miaka 5 ipite tangu viza yako ilipotoka.

Hapo ndipo mtu mzima huvua miwani, akaifuta, akasoma upya. Soma upya tu, hujakosea. Bwana mliyejuana jana, viza ikiwa tayari mkononi, kifungu hiki hakikuzuii kumdhamini hata mwezi ujao. Mzee mliyezaa naye watoto watano, mkawasomesha, mkauguzana, mkazikiana wazazi, huyo ndiye wa kusubiri. Ndoa changa inapita mlangoni, ndoa kongwe inaambiwa ikae kwenye benchi. Naiona kanuni hii kuwa ni kuwaonea wazee, na nalisema hilo hata baada ya kuelewa ilikotoka.

Ilitoka kwenye pesa. Viza ya mchango ina awamu ya pili ya ada, dola za Australia 43,600 kwa kila mzazi. Kwa pesa ya Kenya hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 3, na mzazi bado hajapanda ndege. Juu yake kuna dhamana ya benki inayosimamiwa na Centrelink, ofisi ya serikali ya misaada ya jamii: dola 10,000 kwa mzazi mmoja, 14,000 kwa wawili, zinakaa humo miaka 10 ili mzazi asije akawa mzigo kwa serikali. Viza ya mwenzi ada yake ni dola elfu tisa na ushei. Familia zikapiga hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la nne angeipiga: mlipie mzazi mmoja kwa bei kubwa, akifika amvute mwenzake kwa bei ndogo. Serikali ikaiona hesabu, ikaweka miaka 5 katikati. Mimi siilaumu familia hata moja iliyoipiga. Mtoto anayelipa nyumba na ada ya chekechea hana dola 87,200 zimelala kabatini.

Na msiende kutalikiana. Nasema mapema kwa sababu lazima yuko mjomba mahali atakayetoa wazo hilo akinywa chai: achaneni kwenye karatasi, muoane upya, mzee awe mume mpya. Kifungu kinamwangalia mtu. Kama alikuwa mumeo kabla ya viza kutoka, ni yule yule hata mkifunga ndoa mara tatu. Mtakachopata ni talaka ya kweli, aibu kwa wakwe, na swali la ofisa ambalo hamna jibu lake.

Upo mlango mdogo. Kanuni inaruhusu udhamini kabla ya miaka 5 ikiwa kulikuwa na sababu nzito iliyomzuia mume kuomba viza ya mzazi pamoja nawe, na sababu hiyo isiwe ya pesa. Neno "hatukuwa na hela", hata kama ndilo la kweli kuliko yote, halifungui mlango huo. Kama sababu yenu ni nyingine, nendeni na nyaraka kwa wakili au wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa Australia. Sajili yao iko wazi mtandaoni, na mtafute kwa jina na namba yake kabla hujamtumia hata senti. Na aliyepita kwenye foleni ndefu ya viza ya mzazi ya kawaida, isiyo ya mchango, kifungu hiki hakimhusu. Foleni yenyewe sasa inakadiriwa kufika miaka 30, kwa hiyo amekwisha kuteseka vya kutosha.

Sasa mama ambaye viza yake haijatoka. Wewe ndiye ninayetaka unisikilize kuliko wote. Jina la mume liandike kwenye fomu. Kama fomu ilikwisha kwenda bila yeye kuombewa, uliza upesi namna ya kumwongeza kabla uamuzi haujatoka, maana uamuzi ukishatoka mlango huo unafungwa na ile miaka 5 inaanza. Usimfiche ukidhani unarahisisha mambo. Mume asiyesafiri naye hutakiwa kutajwa na kupimwa afya, na kumficha ni kusema uongo kwa Idara ya Mambo ya Ndani. Atakapokuja kuombewa siku ya siku, fomu mbili zitawekwa sambamba, moja ikisema huna mume na nyingine ikisema mna miaka 30 ya ndoa. Maombi yakikataliwa kwa sababu ya taarifa za uongo, mtu anaweza kufungiwa viza kwa miaka 3.

Kumficha hakusaidii hata kwenye hesabu ya watoto inayotakiwa kwa viza ya mzazi. Mzazi hupita ikiwa angalau nusu ya watoto wake wanaishi Australia kwa kudumu, au ikiwa walioko huko ni wengi kuliko walioko katika nchi nyingine yoyote moja. Mwenye watoto sita, wawili Brisbane, mmoja Uingereza, mmoja Marekani, mmoja Muscat na mmoja nyumbani, anapita. Akibaki wa pili nyumbani badala ya kwenda Muscat, hapiti. Watoto wa mume aliowazaa kwingine nao huhesabiwa kwa sababu ni watoto wako wa kambo, awemo yeye kwenye maombi au asiwemo. Kama mzee ana mke mwingine, mjue pia kwamba sheria ya Australia inataka wenzi wawili waliojitoa kwa wao wawili tu. Hilo lizungumzwe nyumbani, na wote wanaohusika wawepo, kabla halijazungumzwa na ofisa.

Tufanye basi kwamba umekwisha kuchelewa, na miaka 5 inahesabika. Usiikae bure. Itumie kuhifadhi ndoa yako kwenye faili.

Ofisa atataka kuona mambo manne: pesa zenu, nyumba yenu, watu wanaowajua, na nia yenu ya kukaa pamoja. Wazee wetu wanayo yote manne. Shida ni kwamba hawakuyaandika. Sikiliza simu ya kawaida ya Jumapili:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Baba, tunatafuta picha yenu mkiwa mmekumbatiana."

"Nani na nani?"

"Wewe na mama."

"Mbele ya watu?"

Picha iliyopo ni ile ya ukutani: mzee amekaa kwenye kiti, mama amesimama nyuma yake, mkono mmoja juu ya egemeo la kiti, wote wawili wakiwa na uso wa watu wanaosubiri kusomewa hukumu. Ipige picha hiyo, iweke kwenye faili, na chini yake andika mwaka, mahali, na sherehe ilikuwa ya nani. Inafaa kabisa. Kisha tafuta za harusi za watoto, ambako wazazi wamekaa meza moja, na za msiba ambako mzee amesimama na upande wa ukoo wa mke. Kwetu ndoa huonekana zaidi msibani kuliko kwenye picha ya kukumbatiana, na ofisa ataelewa akiandikiwa maelezo mafupi.

Kwenye pesa, mshukuruni aliyebuni M-Pesa. Omba taarifa ya miamala ya miaka yote, uone mama anavyotuma kila mwezi ya dawa, ya mbolea, ya fundi wa paa. Weka alama kwenye kila mstari wenye jina la mzee. Risiti ya umeme yenye jina lake, hati ya kiwanja yenye majina ya wote wawili, barua ya chama cha ushirika, bima ya afya inayomtaja mwenzi, vyote viingie. Simu za WhatsApp nazo piga picha ya orodha yake, yale mazungumzo ya kila usiku kuhusu ng'ombe na shinikizo la damu. Mke anayeuliza kila usiku kama mume amemeza dawa, huo ndio utunzaji wenyewe unaotafutwa, ingawa hakuna neno la mapenzi ndani yake.

Cheti cha ndoa kitafute leo. Ndoa ya mila nchini Kenya inaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na mkiisajili sasa itawaondolea maelezo marefu baadaye. Tanzania, ulizeni RITA. Mashahidi wajaze fomu namba 888. Wawe raia au wakazi wa kudumu wa Australia wanaowajua nyote wawili, na waeleze walichokiona kwa macho yao. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili viwe juu ya faili. Mtoto wa miaka 35 anayefanana na baba yake ni ushahidi ambao hata ofisa mgumu atausoma mara mbili.

Miaka 5 ikiisha, peleka maombi. Mzee akiwa nyumbani ni viza 309, ikifuatwa na 100. Akiwa Australia ni 820, kisha 801. Kwa kawaida mtu hupewa kwanza ya muda, na ya kudumu hutazamwa miaka 2 baada ya kuomba. Lakini waliokaa pamoja miaka 3 au zaidi, au miaka 2 wakiwa na mtoto wao anayewategemea, wanaweza kupewa ya kudumu moja kwa moja. Hapa ndipo ndoa kongwe inapata heshima yake, kwa hiyo daini kwa sauti, kwa barua ya kwanza kabisa.

Katika kusubiri, mzee aje kutembea kwa viza ya wageni. Ila kabla hajapanda ndege, soma barua ya viza hiyo mpaka chini. Kama ina sharti namba 8503, hawezi kuomba viza ya mwenzi akiwa ndani ya Australia isipokuwa sharti hilo limeondolewa, na hilo haliondolewi kirahisi. Wako wanaoligundua wakiwa tayari wametua, faili mkononi.

Na wewe mtoto unayejaza fomu usiku baada ya kazi, nina ombi moja kwako. Mara nyingi baba huachwa nje ya maombi ya kwanza kwa sababu kila mtu alidhani hatataka kuacha shamba, na mwenyewe hakuulizwa. Mpigie leo, wewe mwenyewe, si kupitia kwa mama. Muulize kama anataka kwenda, na uliandike jibu lake kabla hujalipa ada.