Mwongozo wa Mtafiti wa Vipigo

Hongera. Umesoma sosholojia, ukaziacha mada zenye posho nene, ukachagua jinsia na ukatili. Jiandae: kila harusi utakayokwenda kuna mjomba atakuvuta pembeni. "Na sisi tunaopigwa na wake zetu, mbona hamtuandiki?" Muahidi sura nzima. Ukibishana, pilau litapoa.

Ukiwasilisha makala kwenye kongamano, profesa mmoja atauliza, "Kwani mwanamke alifanya nini?" Usimcheke, fani imepitia huko. Mwaka 1971 Menachem Amir alichapisha kitabu kuhusu ubakaji Philadelphia, akachambua majalada ya polisi, akatenga fungu zima la wanawake waliojitakia.

Kazi ya mtaani ina adabu zake. Utafiti usiuite kwa jina lake. Shirika la Afya Duniani lilipohoji wanawake Dar es Salaam na Mbeya, mtaani ulikuwa utafiti wa afya na maisha ya wanawake, basi. Kila nyumba, mwanamke mmoja tu, mwenye miaka 15 hadi 49, asiwepo mwingine wa kwenda kumnong'oneza mume yaliyoulizwa.

Wala usiulize, "Umewahi kufanyiwa ukatili?" Atakujibu hapana, na moyo wake mweupe. Ukatili ni neno la semina. Uliza kofi. Uliza kusukumwa, ngumi, teke, kuburuzwa, kukabwa. Kwa maswali ya namna hiyo ripoti ya shirika hilo ya 2005 ilipata kwamba, kati ya waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 41 Dar es Salaam na 56 Mbeya walishapigwa naye au kuingiliwa kwa nguvu.

Halafu beba maswali ya akiba. Mmekaa mkekani uani, mama anachambua mchele, mmefika kwenye teke. Mama mkwe anatokeza na ndoo tupu.

"Enhe, na huyu wa pili ulimnyonyesha miezi mingapi?"

"Kumi na minane," anajibu bila kukwama, vidole vikiendelea kutoa mawe.

Mkwe anageuza ndoo, anaikalia. Utaandika unyonyeshaji wa ukoo mzima siku hiyo, na uandike kweli, maana anachungulia karatasi.

Ukiaga, yeye ndiye atakayekusindikiza hadi barabarani. Atasubiri bodaboda ipite. "Mbona mimi hukuniuliza?"

Umri wake umeshapita 49. Na nyumba ile ina mmoja tayari.