Spana Namba 13

Wajapani wana mambo matano ya kazini: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Hospitali za Tanzania ziliyapa majina ya Kiswahili kwa S zile zile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Karakana moja ya Changamwe imeyabandika ukutani, tena kwa rangi za kupendeza. Na kila spana imechorewa umbo lake kwenye ubao wa vifaa, ili ikikosekana ijulikane. Basi ya 13 inajulikana haipo tangu Ramadhani. Ukimuuliza fundi, anakuonyesha umbo kwa kidole: "Mahali pake si hapa, bwana?" Sakafu, hiyo husafishwa. Mgeni akija. Bango lenyewe limejaa vumbi, na ngazi ya kulipangusia iko nyuma ya matairi yanayongoja kusasambuliwa tangu bango lije.