Waacheni Wobbler Wapige Kinanda Chao

Wanaowabeza Wobbler hawajui raha. Bendi hii ya Norway, iliyoanza 1999, imeng'amua kwamba roki ya progresivu ilikwisha kufika miaka ya 70; kilichobaki ni kupiga kambi palepale na kulinda mahema.

Tazama kinanda chao cha Mellotron. Chini ya kila kitufe kuna utepe wenye sauti ya sekunde nane hivi. Ukiendelea kubonyeza utepe unaisha, sauti inakatika, inabidi uachie urudi mwanzo. Kompyuta ingeimba hadi alfajiri, lakini adabu iko wapi? Daktari wa meno mwenye msimamo kama huu angetupa ganzi dirishani, na rubani angeomba ndege ya mbao.

Halafu wana subira. Mwaka 2005 walitoa albamu ya Hinterland, na wimbo wenye jina hilo unapita dakika 27. Ubwabwa unaiva, unaliwa, vyombo vinaoshwa, wao bado wamo.

Bendi ya Yes walipotoa albamu ya Close to the Edge mwaka 1972, maskini, walikuwa wakihangaika kutafuta sauti ambayo haijawahi kusikika. Wobbler wametuepusha na usumbufu huo.