Kabla ya Kuilaumu Dekoda, Tafuta Sarafu

Treni ndogo ya mezani hupenda kuzimika mbele ya watu. Usiku, mwenyewe akiwa peke yake, inazunguka bila kusita. Siku jamaa wamekuja kuitazama, inafika darajani, inatetemeka, inakufa. Hapo mwenye treni hufuata ratiba inayojulikana. Anaisukuma kwa kidole. Anaangalia bei ya dekoda mpya. Kisha anachukua bisibisi na kukiendea kifaa cha bei kubwa kuliko vyote chumbani, yaani mtambo unaopeleka umeme kwenye reli. Mwongozo huu umeandikwa ili asikifikie.

Bisibisi chini, basi. Ndani ya adapta ya mtambo huo kuna umeme wa ukutani, volti 230 kwa aliyeko Ulaya na 120 kwa aliyeko Marekani, nao hauna mzaha na mtu. Mtambo unapimwa ukiwa umefungwa vilevile. Chomoa nyaya mbili zinazokwenda mezani, ziunganishe na kipande kimoja tu cha reli, weka juu yake kichwa kimoja cha treni. Kikienda, mtambo wako ni mzima na mshtakiwa amejificha mezani. Huko ndiko anakokutwa mara nyingi: kwenye reli, kwenye viungo vyake na kwenye nyaya za chini ya ubao, yaani sehemu zile zilizogharimu pesa kidogo na kufungwa kwa haraka.

Ili umpate, lazima ujue umeme wenyewe unavyosafiri. Zamani mambo yalikuwa mepesi: ukiongeza volti kwenye reli treni inakwenda kasi, ukipunguza inasimama. Mfumo wa DCC, uliokua kutokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kiwango cha pamoja na chama cha NMRA cha Marekani katika miaka ya 1990, ulibadili mpango huo. Sasa umeme uko kwenye reli wakati wote, karibu volti 14 kwa treni za ukubwa wa HO, yaani 1:87. Nao unageuzwa upande maelfu ya mara kila sekunde. Mgeuko ukija baada ya mikrosekunde 58, hiyo ni moja; ukichelewa hadi 100 au zaidi, hiyo ni sifuri. Dekoda iliyo tumboni mwa kila kichwa cha treni inasoma migeuko hiyo, ikisikia namba yake inatii. Kwa hiyo chakula na maneno vinapita kwenye reli zilezile mbili, na uchafu unaozuia kimoja unavuruga na kingine.

Tahadhari moja hapa inaokoa machozi mengi. Ukipima reli za DCC kwa multimita iliyowekwa upande wa umeme mnyoofu, utaona sifuri au karibu yake, kwa sababu pande mbili za mgeuko zinafutana. Watu wametangaza msiba kwa kusoma namba hiyo. Weka upande wa umeme geu. Hata hapo multimita ya kawaida imetengenezwa kwa umeme wa ukutani wa mizunguko 50 au 60 kwa sekunde, si kwa kasi hii, kwa hiyo namba yenyewe usiitegemee sana. Tegemea tofauti kati ya namba mbili: ya karibu na mtambo na ya mwisho wa meza.

Anza na kufuta. Kitambaa safi na spiriti ya isopropili juu ya reli zote, kisha magurudumu. Kwa magurudumu, tandaza karatasi laini yenye spiriti juu ya reli, acha nusu ya magurudumu ya kichwa cha treni yapate umeme na nusu nyingine yazunguke juu ya karatasi. Michirizi myeusi utakayoiona itakujibu maswali kadhaa. Msasa usiuguse. Mikwaruzo yake ndimo uchafu wa kesho unamojificha. Na sufi ya chuma iache jikoni, kwa sababu vumbi lake linavutwa na sumaku za mota na halitoki tena.

Sasa sarafu, ambayo ndiyo sababu nimekaa kuandika. Wenye treni wengi huogopa mtambo unapojizima. Mimi naogopa ule usiojizima. Shoti ikitokea na mtambo ukakata umeme papo hapo, umefanya kazi yake, ushukuru na umtafute mkosaji kwa utulivu. Hatari kubwa ni shoti ambayo mtambo hauioni.

Hesabu ni fupi. Busta ni ile sehemu ya mtambo inayosukuma umeme kwenye reli, na nyingi za HO zimewekwa zikate umeme mkondo ukifika ampea 5. Tuseme treni imeanguka kona ya mwisho ya meza, gurudumu limegusa reli zote mbili, na njia nzima kutoka kwenye busta hadi pale, kwa sababu ya nyaya nyembamba na viungo vilivyolegea, ina ukinzani wa omu 3. Volti 14 zikigawanywa kwa omu 3 zinatoa ampea 4.7. Busta inaona mzigo mkubwa lakini wa halali, inaendelea kusukuma. Zile ni wati 65 hivi, na pasi ndogo ya kulehemia inatosheka na 40. Joto lote hilo linajikusanya palipo na ukinzani: kwenye kiungo cha reli, kwenye mguso wa gurudumu, kwenye plastiki ya behewa ulilolipaka rangi kwa mkono wako. Harufu ndiyo itakayokuita.

Basi toa sarafu mfukoni. Wamarekani hutumia ile ya senti 25, lakini ya shilingi inafaa vilevile mradi iwe ya chuma. Ondoa treni zote mezani, washa umeme, ilaze sarafu juu ya reli mbili kwa sekunde moja. Mtambo ukate. Nenda hatua mbili mbele, rudia. Pita kila kipande cha reli, kila kona, kila njia ya kuegesha, hata ile ya nyuma ya mlima ambako mkono haufiki vizuri. Pale ambapo sarafu imelala na taa ya mtambo bado inawaka, toa sarafu haraka na ubandike utepe mwekundu. Hapo ndipo pa kulehemu leo, kabla ya kununua chochote.

Utakacholehemu ni waya. Aloi ya shaba, nikeli na zinki inayotengenezewa reli za leo inapitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu kwa zaidi ya mara kumi, na vibati vinavyounga reli na reli hushika kutu, au hunywa gundi ya kokoto ulizomwaga ili njia ionekane ya kweli. Reli ibebe treni. Kazi ya kubeba umeme iachiwe shaba. Pitisha chini ya meza nyaya mbili nene za milimita 2.5 za mraba, za rangi mbili tofauti, kutoka kwenye busta hadi mwisho. Kutoka humo panda kwenye kila kipande cha reli kwa waya mwembamba na mfupi. Kila kipande, narudia, hata kile cha urefu wa kiganja. Ukitaka kuona faida yake, chukua balbu ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21, iunge kwenye reli za mwisho wa meza na upime. Inavuta karibu ampea 2, na volti zikishuka sana ikiwaka, nyaya zako bado hazitoshi.

Wapo watu walioipenda kazi hii ya uvunguni kuliko treni zenyewe. Klabu ya treni ndogo ya chuo cha MIT, iliyoanzishwa 1946, ilikuwa na kamati ndogo ya ishara na umeme, na wanachama wake walijenga chini ya meza mfumo mzima wa rilei za simu. Nawaelewa kabisa.

Kama mtambo unakata umeme na mkosaji haonekani, usitembee ukipapasa. Kata meza katikati. Una matawi 16 ya nyaya? Ondoa manane. Shoti imeisha? Iko kwenye manane uliyoondoa, yagawe tena. Mara nne tu unakuwa umemshika mkono. Aking'ang'ania, hawa ndio wakosaji wa kawaida: kibanio au tupa uliyoisahau juu ya reli, njia inapogawanyika, ambapo gurudumu lililopinda hugusa reli mbili zenye umeme wa pande tofauti, na kitanzi, ambapo treni inageuka na kurudi ilikotoka, hivyo reli ya kushoto inakwenda kukutana na ya kulia. Kitanzi hakina msamaha. Reli zake zikatwe zote mbili kwenye miisho yote miwili, na ndani pawekwe kifaa cha kugeuza umeme chenyewe.

Yupo mmoja mjanja zaidi: kiunganishi cha zamani cha kuingizia umeme kwenye reli, kilichotoka kwenye seti ya utotoni. Baadhi vina kapasita ndani ya kuzuia mikwaruzo ya redio. Kwa DCC kapasita hiyo humeza ishara. Taa zinawaka, treni haisikii. Kitoe. Na ile transfoma ya zamani ya kuongeza na kupunguza volti isiunganishwe kamwe na reli zilezile, hata kwa jaribio la dakika moja, maana inaweza kuiua busta.

Mwisho kuna shoti isiyo shoti. Vichwa vya treni vyenye sauti hubeba kapasita, na kapasita tupu zikijaa kwa pamoja wakati wa kuwasha hunywa mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana. Busta inadhani ni shoti, inakata, inajaribu tena, inakata tena. Gawa meza katika maeneo, kila moja na kikatio chake, uyawashe moja baada ya jingine.

Ukimaliza kulehemu, pita na sarafu upya kila penye utepe mwekundu, kisha rudisha treni moja moja, ukianza na zisizo na sauti.