Mjusi na Grili za Kulala

Wewe mwenye mtoto aliyeanza kutembea juzi na leo anapanda, sogea karibu, kwa maana shida yako ninaijua. Sisi tuko Gonja, upande wa kupandia Bombo, ambako kiwanja tambarare ni bahati. Fundi anakata kilima, sebule anaiweka juu, jiko na meza ya kulia chini yake, kisha anaziunganisha kwa ngazi za ndani. Wenzetu wa bondeni, Maore na Ndungu kwenye mpunga, adha hii hawana.

Penye ngazi hapakosi grili, na penye grili shemeji yangu hakosi neno. Tunamwita Bei Elekezi, kwani hakuna kitu, kuanzia tangawizi ya Mamba hadi mbuzi wa Krismasi, ambacho hajui kinauzwaje Dar es Salaam. Ndiye aliyetuma picha kwenye simu: mabomba membamba yaliyolazwa, moja juu ya lingine, eti ndio mtindo wa mjini. Mke wangu alitaka nondo za kusimama. Mama yangu mzazi, ambaye kwa jinsi anavyopenda kesi nyumba nzima inamwita Jaji Kiongozi, akasikiliza pande zote na kuahirisha shauri hadi baada ya chai. Kabla hukumu haijasomwa, fundi wa kuchomelea akawa ameshafunga mabomba ya kulala.

Grili zilipendeza, sikatai. Lakini kwa Mjusi, kitinda mimba wetu ambaye hata miaka miwili hajafikisha, kila bomba la kulala ni pa kukanyagia. Makande yanaungua jikoni, mama yake anakimbia, na Karani, dada mtu wa darasa la tatu ambaye halipiti kosa la mtu bila kulitangaza, anapiga kelele: "Baba, amefika bomba la tatu!"

Siku moja Mjusi akapenyeza kichwa. Kikaingia, masikio yakagoma kurudi. Kilio kikafika barabarani. Mimi natafuta msumeno wa chuma, Bei Elekezi yuko kwenye simu anauliza bomba jipya litagharimu shilingi ngapi. Jaji Kiongozi akasema, "Nyamazeni wote." Akamwinua mjukuu wake, akamlaza ubavu, akampitisha bega moja, kisha la pili, huku mke wangu akimpokea upande wa pili. Palipopita kichwa, mwili ukapita.

Usiku ule sikulala vizuri, maana kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mtoto mdogo kiwiliwili chake ni chembamba kuliko kichwa. Akitanguliza miguu anateremka hadi shingoni, kichwa kinabaki juu kimenasa, naye ananing'inia. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka, katika nyumba wanamoweza kuwamo watoto wa chini ya miaka 5, mpira wa sentimita 10 usipite popote kwenye grili ya ngazi, na grili yenyewe isiwe rahisi kupandika. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kuwa kuanguka kunaua watu 684,000 kila mwaka duniani. Mtu akishaisoma hesabu hiyo, mtindo wa mjini haumwambii kitu tena.

Karani akafunga mpira wa makaratasi, mgumu, akaupima kwa rula yake ya shule ukafika sentimita 10. Akazunguka nao nyumba nzima. Ulipita kila mahali.

Basi nikanunua plaiwudi. Tumeifunga kwa bolti upande wa ndani, anakocheza Mjusi, ili pasiwe na pa kuweka unyayo. Waya wa kuku niliukataa: ncha zake zinachoma, na matundu yake ni ngazi nyingine. Juu ya ngazi tumeweka kigeti, kimeshikwa kwa skrubu ukutani na kinafunguka kuelekea sebuleni, kisije kumtupa mtu hewani. Komeo lake linamshinda Jaji Kiongozi. Anasimama pale akiita, "Nifungulieni, mmenifunga kwangu!"

Shauri nalo limesomwa. Jaji ameamuru nondo za kusimama, zinazokaribiana kiasi cha kuuzuia mpira wa Karani, na gharama alipe Bei Elekezi. Shemeji amekata rufaa kwa simu. Bado anaomba punguzo.

Mjusi hasubiri rufaa. Amehamia kwenye makochi, kutoka hapo dirishani, na grili za dirisha nazo ni za kulala. Mjini New York waliona watoto wakidondoka madirishani kiasi kwamba mwaka 1972 idara ya afya ilianzisha kampeni ya vizuizi vya madirisha. Mke wangu ameyavuta makochi yote katikati ya sebule, kwa hiyo wageni wetu wanakaa magoti yakigusana. Jumamosi fundi anakuja kuifunga kabati ya vyombo ukutani, maana jana Karani alitangaza kwamba droo ya chini imeshakanyagwa.